Nilioa Daktari, Nikajikuta na DMO

Msomaji, hebu vuta picha. Ni Jumamosi usiku, siku ya kumbukumbu ya ndoa yenu. Mwenzi wako amefika mchana baada ya wiki tatu za kutoonana. Kuku wa kuchoma yuko mezani, watoto wamelala. Mara simu yake inaita. Anasikiliza, anakunja uso, anaanza kutafuta viatu vya mpira. Alfajiri keshaondoka, wewe umebaki na kuku wako. Siyo siri, hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu mwaka 2015.

Tulipofunga ndoa mwaka 2008, mke wangu alikuwa daktari kwenye kituo cha afya cha serikali hapa Dar es Salaam. Mtaa mzima ulimwita "daktari wetu". Alimjua bibi mwenye presha, binti yake mjamzito na mjukuu mwenye pumu, wote wa nyumba moja. Saa kumi na moja jioni yuko nyumbani. Mimi ni mhasibu wa benki, basi tulikuwa raha mustarehe.

Nani anatibu kisima?

Mambo yalibadilika kwa sababu ya mtoto wa miaka mitatu. Aliletwa anaharisha, akatibiwa, akapona. Baada ya wiki chache karudi, halafu karudi tena. Mke wangu akamsindikiza mama wa mtoto hadi kwake, akakuta kisima kiko hatua chache tu kutoka choo cha shimo.

Usiku ule aliniambia, "Baba watoto, mimi namtibu mtoto, kisima kinamrudisha. Sasa kisima nani anakitibu?"

Akaenda Muhimbili kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Akawa ananisimulia habari za John Snow, daktari wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua mamia ya watu mtaa wa Soho, Snow alifuatilia vifo, akaona vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Akawashawishi viongozi wa eneo lile waing'oe mpini. "Alikuwa anatibu wagonjwa kama mimi," mke wangu akasema, "lakini watu wanamkumbuka kwa mpini wa pampu."

Nilicheka. Sikujua kwamba pampu inanisubiri na mimi.

Barua ya uteuzi

Mwaka 2014 akateuliwa Mganga Mkuu wa Wilaya, yaani DMO, kwenye wilaya moja mkoani Morogoro. Ndugu wakapiga vigelegele. Mimi nilidhani ni ofisi yenye kiyoyozi. Wapi! DMO ndiye anayesimamia zahanati, vituo vya afya, chanjo, dawa na watumishi wa wilaya nzima. Anaandaa mpango wa afya wa mwaka wa halmashauri, anabanwa na madiwani kwa nini zahanati ya kata yao haina nesi, na usiku anasoma takwimu za MTUHA kuona ugonjwa gani umepanda.

Nikabaki Dar na watoto wawili. Mama yangu hakunificha: "Mwanangu, mwanaume anabaki na watoto, mke yuko porini? Hiyo ndoa gani?" Maneno hayo yaliniingia, jamani.

Agosti 2015 kipindupindu kikaanza Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi. Kikafika na wilayani kwake. Baada ya ule usiku wa kuku nilichoka mbaya. Ijumaa iliyofuata nikapanda basi na sentensi moja kichwani: "Chagua, kazi au familia."

Nilichokikuta

Nilielekezwa kijijini. Nikamkuta amesimama kando ya kisima alichokifunga, amezungukwa na watu wenye hasira. Mzee mmoja akafoka, "Unatufungia maji, tunywe nini?"

Nilitegemea atajibu kibosi. Akasema, "Babu, swali lako ni la haki. Gari la maji linakuja, na siondoki hapa mpaka lifike."

Lilifika giza limeshaingia. Hakuondoka. Aligawa vidonge vya klorini nyumba kwa nyumba, akaelekeza watu kuchemsha maji ya kunywa na kumwahisha mgonjwa kambini, maana kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini akiwahi maji ya chumvi na dripu wengi hupona. Mtoto akaletwa amelegea. Nesi ndiye aliyemtundikia dripu. Mke wangu alisimama pembeni, anashika na kuachia vidole vyake.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni, akalia. "Nimewamisi wagonjwa wangu," akasema. "Hapa hakuna anayejua kwamba nimemponya. Na nyinyi nimewaacha."

Ile sentensi yangu sikuisema. Ila sikunyamaza pia. Nilimwambia, "Nakukosa. Na mdogo ameanza kumwita dada wa kazi mama." Tulikaa kimya muda mrefu. Halafu tukazungumza mpaka alfajiri.

Tulichokubaliana

Mwanzoni mwa 2016 niliomba uhamisho, nikapata tawi la Morogoro mjini. Nilipoteza nafasi ya kupanda cheo, na iliniuma. Yeye akamfundisha msaidizi wake kupokea simu za Jumapili, kitu ambacho mwanzo alikuwa hataki kabisa kusikia. Dharura ni dharura, lakini kikao siyo dharura.

Kama na wewe mwenzi wako amepata kazi kubwa, nakushauri haya:

- Nenda ukamwone akiwa kazini. Simu haikuonyeshi anachokibeba.
- Sema "nakukosa" kabla hujasema "chagua".
- Mgawane hasara. Asilipe mmoja peke yake.
- Ushauri wa wazazi upokee kwa heshima, uamuzi fanyeni wawili.

Mdogo wetu sasa ni mkubwa, anamjua mama yake vizuri. Na kuku? Tulimla mwaka uliofuata, palepale Morogoro. Simu iliita mara mbili. Moja alipokea.