Tennessee: Milima na Magitaa

Waliokua na redio ya mbao sebuleni wanamkumbuka mwimbaji Jim Reeves, hasa Krismasi ilipokaribia. Nashville, mji alikorekodi nyimbo zake na ambao karibu nao ndege yake ilianguka mwaka 1964, ndio makao makuu ya Tennessee. Jimbo hilo la kusini mwa Marekani ni refu na jembamba; ukilikata kutoka milima ya mashariki hadi Mto Mississippi, njiani unarudisha saa nyuma kwa saa nzima.

Anzia milimani. Great Smoky ni jina la moshi, ila moshi haupo: ule utando wa buluu hutokana na mvuke wa miti yenyewe. Hifadhi ya taifa ya milima hii, ya mwaka 1934, hupata wageni zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, na haina kiingilio. Unalipia kuegesha gari tu, likizidi dakika 15. Chakula usikiache ovyo, dubu weusi hawana haya.

Cha kufunga safari ni vimulimuli wa Elkmont, humo hifadhini. Kuanzia mwishoni mwa Mei, giza likishatanda, madume huanza kumetameta, mmoja huku, mwingine kule, kisha wanashika mdundo mmoja: msitu mzima unawaka, unawaka tena, mara tano, sita, halafu zii! Sekunde kadhaa huoni hata kiganja chako. Ndipo wanaanza upya. Watu wanaotaka kuwaona ni wengi mno, hata nafasi hugawiwa kwa bahati nasibu.

Nashville kwenyewe, ingia ukumbi wa Ryman, uliojengwa 1892 kwa ibada. Watazamaji bado hukalia mabenchi ya kanisa. Muziki unaotawala mji huu, country, husemwa ni wa wazungu. Si kweli yote: banjo chimbuko lake ni ala za watumwa kutoka Afrika Magharibi, na miongoni mwa nyota wa kwanza wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi aliyepuliza kinanda cha mdomo.

Magharibi, mjini Memphis, wengi hukimbilia nyumba ya Elvis. Mimi ningetanguliza Lorraine, hoteli waliyofikia wanamuziki weusi enzi za ubaguzi, leo makumbusho. Hapo roshani, tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King alikuwa akimwomba mpiga saksafoni Ben Branch apige wimbo wa dini katika mkutano wa usiku ule, risasi ikalia.