Klabu za mitaani Unguja: vipaji vipo, mishahara haipo

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

KWA wafanyabiashara wengi wa Darajani na Mlandege, soka ni mazungumzo ya jioni na halina ukurasa katika daftari la hesabu. Mtu huchangia jezi, nauli ya boti au chakula cha kambi, kisha jambo husahauliwa mpaka kamati ya klabu irudi tena na kitabu cha michango. Hata hivyo, soko la wachezaji na makocha hapa Zanzibar lina waajiri wake, wauzaji wake na bei zake. Mwenye kulitazama kwa jicho la biashara ataona mara moja kwa nini timu za mitaani zinahemewa, na kwa nini fedha za wafadhili hazidumu.

Tuanze na orodha ya mabingwa, kwani ndiyo mizania ya soko hili. Mwaka 2007 na 2008 ubingwa wa Ligi Kuu ya Zanzibar ulikuwa wa Miembeni. Mwaka 2010 ulikwenda kwa Zanzibar Ocean View, na mwaka 2012 kwa Super Falcon. Zote tatu zilikuwa klabu za kiraia, na hakuna hata moja iliyorudi kileleni tangu hapo. Kuanzia msimu wa 2012/13 hadi 2018/19 kila bingwa alivaa sare ya kazi: KMKM, Mafunzo, Zimamoto au JKU. Mlandege ndiyo iliyovunja mfululizo huo mwaka 2020, kisha KMKM ikatwaa mara tatu mfululizo na JKU ikafuatia mwaka 2024. Mlandege ilirudi kileleni mwaka 2025.

Kwa maneno mengine, katika misimu 13 klabu ya mtaani imepata ubingwa mara mbili tu. Hali kama hiyo ingetokea katika biashara ya mchele au ya saruji, wafanyabiashara wangeuliza mshindani ana nini ambacho wengine hawana.

Ajira ndiyo dau kubwa

Jibu si gumu. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi, KVZ ni Kikosi cha Valantia, Mafunzo ni timu ya Chuo cha Mafunzo ambacho watu wa Bara wangekiita Magereza, na Zimamoto jina lake linajieleza. Hizi ni idara maalum za Serikali ya Mapinduzi. Ziko pia timu za Polisi na Uhamiaji, ambazo ni za vyombo vya Muungano.

Timu ya namna hiyo inapomtaka kijana wa miaka 19 haihitaji kumwekea mezani kitita cha usajili. Inaweza kumpa ajira, yaani mshahara wa kila mwezi, matibabu, cheo kinachopanda na kiinua mgongo siku atakapostaafu. Goti likivunjika, mpira utaisha lakini kazi itabaki. Klabu ya mtaani inaweza kumpa kijana huyo fedha taslimu zaidi kwa msimu mmoja na bado ikashindwa, kwa sababu mama yake anaujua uzito wa ajira ya Serikali kuliko anavyoujua uzito wa ahadi ya mfadhili.

Si haki kuvilaumu vikosi kwa hilo. Vimetunza vipaji, vimelipa kwa wakati na vimewapa vijana maisha baada ya soka. Ila mchumi atasema kuwa waajiri wawili wanagombea mfanyakazi yuleyule, mmoja akilipa kwa mapato yake, mwingine akitegemea bajeti ya umma. Wa kwanza hawezi kushinda kwa kupandisha bei. Lazima atafute njia nyingine.

Hesabu ya mlangoni

Wapo wanaosema klabu za mitaani zingejitegemea iwapo mashabiki wangejaa uwanjani. Tupige hesabu ya mfano. Chukua klabu yenye wachezaji 25 na watu watano wa benchi la ufundi. Kila mmoja alipwe Sh. 300,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakimfanyi mtu tajiri. Hiyo ni Sh. milioni 9 kwa mwezi, au Sh. milioni 108 kwa mwaka, kabla ya vifaa, usafiri wa Pemba, kambi na dawa.

Katika ligi ya timu 16, kila klabu ina mechi 15 za nyumbani. Tiketi ikiwa Sh. 2,000, klabu inahitaji watazamaji 54,000 kwa msimu ili kulipa mishahara peke yake. Hao ni watu 3,600 kila mechi, tena kabla ya makato ya uwanja na ya waamuzi. Mwenye kwenda kutazama mechi ya kawaida ya ligi siku ya kazi anajua kama idadi hiyo inapatikana.

Kuna Kombe la Mapinduzi, linalochezwa kila Januari. Mlandege ililitwaa mwaka 2023 kwa kuifunga Singida Big Stars mabao 2-1 katika fainali, na mwaka 2024 ikaifunga Simba bao 1-0. Zawadi ya bingwa mwaka huo wa 2024 ilikuwa Sh. milioni 100. Ni fedha nyingi kwa klabu ya mtaa. Lakini zirudishe kwenye hesabu yetu ya mfano uone: zawadi hiyo haitoshi kulipa mishahara ya klabu moja ya kawaida kwa miezi 12. Tena hakuna benki itakayokopesha kwa dhamana ya kombe ambalo halijachezwa.

Mlango wa FIFA uliofungwa

Upande wa pili wa tatizo uko nje ya visiwa. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Machi 2017 CAF iliipokea kuwa mwanachama kamili, lakini Julai mwaka huohuo uamuzi ukafutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Klabu za Zanzibar zimeendelea kucheza mashindano ya Afrika, kama zilivyofanya tangu 2004, lakini mfuko mkubwa wa fedha umebaki mbali.

Ukubwa wa mfuko huo unajulikana. Katika mpango wa maendeleo wa FIFA wa miaka 2023 hadi 2026, kila chama mwanachama kinaweza kupata hadi dola milioni 8 za Marekani. Kwa Tanzania mlango huo uko TFF, Dar es Salaam. Shirikisho la Zanzibar, ZFF, haliwezi kubisha hodi FIFA kwa jina lake.

Athari yake inafika hadi kwenye mauzo ya wachezaji. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Lakini mchezaji akivuka bahari kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, machoni pa FIFA hajavuka mpaka wowote. Huo ni uhamisho wa ndani ya nchi moja. Klabu ya mtaani inayotegemea mgao huo kutoka kwa mnunuzi wake mkuu itasubiri sana.

Na mnunuzi mkuu ni Dar es Salaam. Feisal Salum, maarufu kama Fei Toto, alitokea JKU, akajiunga na Yanga mwaka 2018 na kuhamia Azam mwaka 2023. Beki Ibrahim Hamad, anayeitwa Bacca, alitoka KMKM kwenda Yanga Januari 2022. Wote wawili wamekuwa wachezaji wa Taifa Stars. Hata vikosi vyenye ajira ya uhakika, basi, haviwezi kumzuia mchezaji pale dau la Bara linapokuwa kubwa. Klabu ya mtaani itamzuia kwa lipi?

Makocha nao wanasafiri

Suala la makocha linafanana na hilo. Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, aliifikisha Zanzibar Heroes fainali ya CECAFA mwaka 2017 nchini Kenya. Zanzibar ilitoka sare ya 2-2 na wenyeji, ikapoteza kwa penalti. Baadaye alifundisha klabu za Bara, na mwaka 2024 akakabidhiwa Taifa Stars, akaifikisha fainali za Mataifa ya Afrika za 2025. Ni sifa kwa visiwa, lakini pia ni kumbukumbu kwamba kocha hodari hupata mshahara wake mahali pengine.

Aliyebaki ana gharama zake. CAF inataka kocha mkuu wa klabu inayoshiriki mashindano yake awe na leseni ya juu. Inataka pia klabu iwe na timu za vijana, timu ya wanawake na hesabu zilizokaguliwa. Kila sharti ni zuri kwa afya ya soka, na kila sharti ni ankara. CAF ililiona hilo, na kuanzia msimu wa 2023/24 ilianza kutoa dola 50,000 kwa kila klabu inayotolewa katika raundi za awali. Fedha hizo zinasaidia tiketi za ndege na hoteli. Hazijengi klabu.

Bara walivyofanya

Inafaa kulinganisha na Bara, ambako nako ziko timu za majeshi. JKT Tanzania na Tanzania Prisons zina ajira za kutoa kama ilivyo KMKM. Lakini tangu 2001 ubingwa wa Bara umekuwa wa Simba, Yanga au Azam tu. Huko fedha ya soko imeizidi nguvu fedha ya ajira.

Fedha hiyo ina majina na tarakimu. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6. Mwaka 2022 Simba ilisaini na kampuni ya M-Bet mkataba wa miaka mitano wa Sh. bilioni 26.1, na Yanga ikasaini na SportPesa Sh. bilioni 12.3 kwa miaka mitatu. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Sh. bilioni 20 Simba, huku wanachama wakibaki na sehemu kubwa ya hisa.

Hakuna anayetarajia tarakimu hizo Unguja. Kisiwa hakina mashabiki milioni nyingi wa kuuziwa. Wala udhamini wa michezo ya kubahatisha, uliobeba vigogo wa Kariakoo, si jambo ambalo mitaa yetu ingelipokea kwa urahisi. Mdhamini wa hapa atatoka kwenye benki, simu, boti na hoteli. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, imewahi kuweka jina lake kwenye Ligi Kuu, na huo ulikuwa mwanzo mzuri. Kwa upande wa hoteli soko ni pana mno: wageni walioingia Zanzibar walikuwa 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Wageni hao wanalala Nungwi, Kiwengwa na Paje, wanatembea Mji Mkongwe, na wengi wanaondoka bila kujua kwamba mwendo mfupi kutoka Darajani kuna uwanja wa Amaan, uliofunguliwa upya Desemba 2023 na kuandaa mechi za CHAN Agosti 2025, ikiwemo robo fainali ya Sudan na Algeria.

Mwekezaji atazame nini

Kwa mfanyabiashara mwenye akiba ndogo, ushauri wa kwanza ni kutenganisha sadaka na mtaji. Kuchangia jezi ni wema, na wema hauulizwi faida. Lakini anayetaka fedha yake irudi asiikabidhi mkononi kwa mwenyekiti. Aulize maswali matatu.

Kwanza, je, klabu ina hesabu zilizokaguliwa na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja? Timu inayoishi kwa mfuko wa mfadhili mmoja hufa siku mfadhili huyo akichoka.

Pili, je, wachezaji wake vijana wana mikataba iliyoandikwa na kusajiliwa? Kijana asiye na mkataba si mali ya klabu. Akichukuliwa na kikosi au akiitwa Dar es Salaam, klabu inabaki na picha ya ukutani.

Tatu, je, mkataba wa mauzo una kifungu kinachoipa klabu asilimia fulani mchezaji akiuzwa tena? Hapa ndipo penye fedha. Kwa kuwa kanuni za FIFA hazimlindi muuzaji wa Unguja katika uhamisho wa ndani, kinachoweza kumlinda ni karatasi aliyoisaini mwenyewe. Mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kukataa kulipa bei kubwa leo, lakini si rahisi akatae kuahidi sehemu ya bei ya kesho, siku klabu ya Afrika Kaskazini au ya Ghuba itakapokuja na dola.

Mkulima wa karafuu anajua tofauti ya kuuza shamba zima likiwa bado maua na kusubiri zao likauke. Klabu zetu nyingi bado zinauza maua. Kabla ya dirisha lijalo la usajili, kamati inayokuja dukani na kitabu cha michango iombwe pia ilete nakala ya mikataba ya wachezaji wake.