Lenzi isiyoingia kwenye kamera si chuma chakavu: ipime nyuma kabla hujaiuza

MFANYABIASHARA wa mitumba anapofungua mzigo na kukuta lenzi isiyoingia kwenye kamera yoyote aliyonayo, mara nyingi huitupia kwenye rundo la vyuma chakavu au kuiuza kwa bei ya chai. Hasara huanzia hapo, kwa kuwa baadhi ya lenzi zinazosakwa na wakusanyaji ni hizo hizo zisizoingia popote.

Kilichozirudisha sokoni ni kamera za kidijitali zisizo na kioo cha ndani, zilizoanza kuenea baada ya mwaka 2008. Kamera hizo zina nafasi fupi kati ya mlango wa lenzi na sehemu inayopokea picha. Kwa kamera za Sony E ni milimita 18 tu, wakati kamera nyingi za zamani za filamu zenye kioo zilihitaji milimita 44 hadi 46. Nafasi inayobaki inatosha kuweka adapta, na lenzi iliyolala kabatini miaka 50 ikafanya kazi tena.

Anza nyuma, si mbele

Wengi husoma jina lililoandikwa mbele na kuishia hapo. Lakini lenzi ya aina moja ilitengenezwa kwa vifungio tofauti, na kifungio, yaani sehemu ya nyuma inayoshika kamera, ndicho kinachoamua nani ataweza kuitumia.

Kama nyuma kuna meno ya kuzungusha kama ya kifuniko cha chupa, pima kipenyo. Milimita 42 ni M42, ya Praktica na Pentax za zamani, na hizo ni nyingi. Milimita 39 ina mtego. Leica za zamani, FED, Zorki na Zenit za mwanzo zote zilitumia kipenyo hicho, ila lenzi ya Leica hukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu na ya Zenit milimita 45.2. Ya Zenit itaingia vizuri kwenye Leica, lakini picha haitatoka safi. Anayeuza moja kwa jina la nyingine ajiandae kurudishiwa mzigo.

Kipenyo cha milimita 25.4 huenda ni kifungio cha C, kilichotumika kwenye kamera za sinema za milimita 16 kama Bolex. Tahadhari: kipenyo hicho hicho kiko pia kwenye lenzi za kamera za ulinzi, ambazo nyingi ni za bei ndogo.

Kama lenzi haina meno bali hubana kwa kuzungushwa kidogo, tafuta alama nyingine. Mkono wenye kitufe uliotokeza kando ya lenzi ni dalili ya Exakta ya Dresden, Ujerumani. Lenzi ndogo isiyo na pete ya kurekebisha mwanga inaweza kuwa ya Retina Reflex au Bessamatic. Hizo mbili hufanana, lakini vipande vya kubania viliwekwa tofauti makusudi ili zisiingiliane.

Hata hivyo, kifungio adimu peke yake hakileti bei. Trioplan ya Meyer-Optik ya milimita 100 hutafutwa kwa sababu taa za nyuma ya mtu anayepigwa picha hugeuka kama mapovu ya sabuni. Lenzi ya kawaida yenye kifungio adimu yaweza kukaa dukani mwaka mzima.

Kioo na bei

Mulika tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, adui mkubwa wa lenzi katika joto na unyevu wa pwani. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Usikwangue kioo wala usichonge kifungio ili kiingie kwenye kamera nyingine. Mkusanyaji hulipia kilicho kamili. Kama ilikuja na kamera yake, usivitenganishe kabla ya kujua thamani ya vyote viwili.

Unapotangaza, piga picha ya mbele, ya nyuma ikiwa na rula kando, ya namba ya lenzi, na ya kioo kikiwa kimemulikwa. Taja kasoro zote. Katika kupanga bei, fuata ya lenzi zilizokwisha kuuzwa, si ile wauzaji wanayoomba.

Mpakani

Wanaovuka Busia, Namanga au Rusumo wakumbuke kuwa Cheti cha Uasili kilichorahisishwa, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Lenzi ya Ujerumani au Japani haiingii humo hata kama ilinunuliwa Kampala. Itaje forodhani na ubebe risiti ya ununuzi. Lenzi iliyokamatwa kwa kufichwa haina tena bei ya mkusanyaji.