Umekulia Busia au Malaba? Ujuzi wako LinkedIn si 'Microsoft Word' pekee

FUNGUA akaunti kumi za LinkedIn za vijana waliotoka chuoni juzi na huenda ukakutana na orodha ile ile: kompyuta, uongozi, mawasiliano, kushirikiana na wengine, kustahimili presha. Ukiondoa picha na majina, huwezi kumtambua wa Busia wala wa Thika, aliyesomea uhasibu wala aliyesomea ualimu.

Hapo ndipo vijana wengi wa mpakani wanapojipunja. Mtu aliyekulia Busia au Malaba anajua mambo ambayo kampuni za uchukuzi na biashara huwalipa watu kuyajua. Lakini kwa kuwa aliyaokota mtaani, sokoni au katika ofisi ya mjomba wake, hayahesabu kuwa ujuzi. Kwake hayo ni mambo ya kawaida tu ya nyumbani.

Kumbuka mahali ulipo, bwana. Barabara kuu kutoka bandari ya Mombasa kupitia Nairobi na Eldoret huingia Uganda pale Malaba, na reli ya zamani inapita papo hapo. Ile ya Kisumu huvukia Busia. Malori yanayopita hapo hayaishii Kampala. Mengine yanaelekea Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Hata neno bodaboda, simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba lilizaliwa huku, kwa vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Waliipa kazi yao jina, na leo jina hilo linajulikana Afrika Mashariki nzima.

Nawe ipe yako jina.

Taja kazi, usijisifu

Tuseme umefanya kazi miezi minane kwa ajenti wa forodha ukiandaa stakabadhi za malori. Ukiandika 'mchapakazi', hujasema kitu, maana hakuna anayejiita mvivu. Andika ulichofanya: kuandaa hati za forodha kwenye iCMS, ule mfumo wa KRA, kusoma hati zinazotoka kwenye ASYCUDA, mfumo wa wenzao wa URA, kufuatilia mizigo ya kupita nchini iliyofungwa kufuli za kielektroniki za RECTS. Meneja anayesaka mtu wa kazi hiyo huandika maneno kama hayo kwenye kisanduku cha kutafutia. Hawezi kukupata kwa neno 'mchapakazi', ng'o!

Mambo haya yana uzito kwa sababu kazi yenyewe imebadilika. Tangu 2014, chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, ushuru wa bidhaa nyingi za kwenda Uganda hushughulikiwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Kisha Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha huduma za pamoja Busia. Sasa lori husimama mara moja, upande wa nchi linakoingia, na maafisa wa nchi zote mbili huketi pamoja.

Kwa msafirishaji hiyo ni nafuu. Kwa kijana aliyekuwa akilipwa kukimbiza makaratasi kutoka dirisha hadi dirisha, riziki imepungua. Ukitangaza leo kwamba unajua 'kukimbiza stakabadhi', unauza kitu ambacho soko linakiacha. Kinachonunuliwa ni kuujua mfumo, na kujua la kufanya unapokwama: bidhaa iliyowekwa kwenye kundi lisilo lake la ushuru, uzani usiolingana na karatasi, au cheti cha asili ya bidhaa kilichojazwa vibaya.

Hata sokoni kuna ujuzi

Hujawahi kuketi ofisini? Usikate tamaa. Labda umemsaidia mama au shangazi kuvusha mayai, matunda au samaki wakavu. Kuna utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaowahusu wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvushwa kwa cheti chepesi cha asili kinachotolewa papo hapo mpakani. Kama umewajazia watu vyeti hivyo, umefanya kazi ambayo mashirika yanayosaidia wanawake wafanyabiashara huajiri watu kuifanya.

Au chukua mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi kiwango kilichowekwa. Aliyewahi kupitisha shehena chini ya masharti hayo ana cha kumwambia mwenye kinu cha unga. 'Kuuza mahindi' hakumwambii lolote. 'Kushughulikia vibali na vyeti vya ubora vya nafaka zinazovuka mpaka' kunamwambia kila kitu.

Lugha usizifiche

Wengi huandika Kiingereza na Kiswahili, basi. Lakini Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Wasamia vilevile. Kama unazungumza Kiteso, Kisamia na Luganda ya kutosha kuelewana na mnunuzi au dereva, ziweke zote katika sehemu ya lugha na ueleze kiwango chako bila kuongeza chumvi. Kampuni inayofungua tawi au shirika linalofanya utafiti mpakani linahitaji mtu huyo. Na kama ulisoma Kifaransa shuleni ukakiacha, kifufue. Kongo ilijiunga na Jumuiya mnamo 2022.

Tano za juu

LinkedIn inakuruhusu kujaza ujuzi chungu nzima, na huo ndio mtego. Anayeorodhesha ujuzi wa aina arobaini anaonekana kama duka la jumla. Mtandao huo unakupa nafasi ya kuchagua aina tano za kuonyesha karibu na maelezo yako ya mwanzo, na pia kuunganisha ujuzi na kila kazi uliyofanya. Tumia nafasi zote mbili.

Namna ya kuzichagua ni hii. Tafuta matangazo kumi ya kazi unayoitaka, si kazi yoyote tu. Andika kando kila ujuzi unaorudiwa. Kisha piga mstari chini ya ule ambao unaweza kuuthibitisha kwa mfano mmoja wa kweli. Unaotajwa na waajiri na ambao una mfano wake ndio wa kwenda juu. Unaotajwa lakini huna, huo ndio wa kwenda kujifunza. Ule ulio nao lakini haumhusu mwajiri yeyote, uache chini au uufute.

Na usihadaike na watu kubofya tu kuthibitisha kwamba unaweza. Binamu yako aliye Doha anaweza kukubofyia ujuzi kumi bila kukuona ukifanya kazi hata siku moja. Aya tatu kutoka kwa mwenye ofisi uliyofanyia attachment, akieleza ulichomfanyia, zina uzito zaidi. Mwombe kwa adabu, umkumbushe kazi mahususi mliyofanya pamoja.

Ukweli na mipaka yake

Usiandike usichokiweza. Katika usaili mtu atakuuliza: lori limezuiliwa, karatasi zinasema hivi, wewe unaanza wapi? Hapo maneno matamu huisha.

Pia kuna maarifa ya mpakani yasiyofaa kuwekwa popote. Kuijua kila njia ya panya si ujuzi wa uchukuzi. Ni ushahidi dhidi yako. Na usiweke picha za stakabadhi za wateja ili kuonyesha umahiri. Nambari za kontena, PIN za KRA na majina ya wenye mizigo ni siri yao. Mwajiri makini akiona umeanika karatasi za mteja wa jana, atajua na zake zitaanikwa kesho.

Kama ujuzi wako wa mtaani hauna karatasi, itafute. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na usafirishaji wa mizigo, EACFFPC, ambacho nchini Kenya husomewa katika chuo cha KRA, KESRA. Mafundi wa magari na umeme wanaweza kufanya mtihani wa NITA. Mpango wa serikali wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa unamlenga mtu kama wewe, uliyejifunza kwa kushika spana kabla ya kushika kitabu.

Ni kweli, kazi nyingi Busia na Malaba bado hupatikana kwa kujuana na kwa kupigiana simu. LinkedIn haitaondoa hilo leo. Lakini si kila anayeamua nani aajiriwe Malaba anaishi Malaba. Wengine wako Nairobi, Mombasa na Kampala, na hawamjui mjomba wako. Wanachokiona ni maneno uliyoyaandika.

Kwa hivyo kabla hujalala leo, futa 'Microsoft Word' pale juu. Weka mahali pake jambo moja ambalo kijana wa Thika hawezi kuliandika bila kudanganya.