Ukiuza faili la dola 5 kwenye intaneti, ngapi inafika Goma?

Tuseme kijana mmoja wa Katindo ametengeneza kitabu kidogo cha PDF, kurasa 40, cha kufundisha Kiswahili chetu cha Goma kwa wageni wanaokuja kufanya kazi huku na kwa watoto wa ndugu zetu waliozaliwa Ubelgiji au Marekani. Anataka kukiuza dola 5. Mwenzake wa Himbi ni mpiga picha, ana picha za Nyiragongo na za ziwa. Mwalimu wa Ndosho ameandika majibu ya maswali ya Exetat ya miaka iliyopita. Wa nne anatengeneza midundo ya muziki kwenye kompyuta. Wote wanne wako na kitu kimoja cha kuuza: faili. Halina uzito, halilipi lori, halisimami kwenye bariyeri.

Na wote wanauliza swali lile lile: ni tovuti gani inakata kidogo?

Ni swali la haki. Lakini ukiwa Goma, asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa mbele ni kipande kimoja tu cha makato. Tufuate zile dola 5 hatua kwa hatua, kutoka kwenye kadi ya mnunuzi mpaka mkononi.

Tuanze na Gumroad, kwa sababu ndiyo watu wengi wanasikia kwanza. Hailipishi kitu kwa mwezi. Mnunuzi akija kupitia linki uliyomtumia wewe, inakata asilimia 10 na senti 50 juu yake. Akikupata kupitia soko lao la ndani, linaloitwa Discover, inakata asilimia 30. Sasa piga hesabu: asilimia 10 ya dola 5 ni senti 50, ongeza zile senti 50 nyingine, imekuwa dola 1. Hata ukiacha ada ya kadi pembeni, ile «asilimia 10» imeshakuwa asilimia 20. Ukiuza dola 2, makato ni senti 70, yaani asilimia 35. Ukiuza dola 1, wanabaki na senti 60 na wewe unapata 40. Ile senti 50 ndiyo inakula, si asilimia.

Lemon Squeezy, ambayo kampuni ya Stripe iliinunua mwaka 2024, inakata asilimia 5 na senti 50, na ada ya kadi iko ndani. Kwenye dola 5 ni senti 75. Kadi ikiwa si ya Marekani, wanaongeza asilimia 1.5.

Payhip iko na mtindo mwingine. Kwa asiyelipa kitu kwa mwezi inakata asilimia 5. Ukilipa dola 29 kwa mwezi inashuka mpaka 2, na ukilipa dola 99 haikati tena. Lakini hapo ada ya kadi inakuja peke yake, kutoka Stripe au PayPal. Kwa bei ya kawaida ya Stripe ya Marekani, asilimia 2.9 na senti 30, dola 5 zinakatwa kama senti 70 jumla. Na usikimbilie kulipa zile dola 29 kwa sababu tu neno «mbili» linapendeza. Unaokoa asilimia 3, basi ili urudishe dola 29 lazima uuze kama dola 967 kila mwezi. Kwa kitabu cha dola 5, hivyo ni vitabu 194. Ukiwa bado hujafika huko, kaa kwenye bure.

Sasa chukua mauzo ya dola 100. Ukiyapata kwa vitabu 20 vya dola 5, Gumroad inabaki na dola 20, Lemon Squeezy na 15, Payhip pamoja na kadi karibu 14. Ukiyapata kwa wanunuzi 5 wa dola 20 kila mmoja, Gumroad inabaki na 12.50, Lemon Squeezy na 7.50, Payhip na kama 9.40. Angalia vizuri: Payhip, iliyokuwa ya kwanza, imepitwa. Na tofauti kati ya kuuza kwa 5 na kuuza kwa 20 ni kubwa kuliko tofauti ya tovuti nyingi. Kwa hiyo kijana wa Katindo, kabla ya kuhama tovuti, afunge pamoja kitabu, sauti za matamshi na mazoezi, auze kifurushi kimoja. Mpiga picha vilevile: picha moja kwa dola 2 ni hasara karibu kila mahali, lakini picha 20 katika faili moja ni biashara.

Mwanamuziki yeye aiangalie Bandcamp. Kwa muziki wa kidijitali inakata asilimia 15, na inashuka mpaka 10 mauzo yakipita dola 5,000 ndani ya miezi 12. Ada ya malipo inaongezwa juu. Hakuna zile senti 50. Lakini feza inatoka kwa PayPal, na neno hilo tutalikuta tena hapo chini.

Kabla ya huko, kuna kitu ambacho watu wanakisahau: kodi ya mnunuzi. Ukimuuzia mtu wa Ubelgiji faili, nchi yake inadai kodi ya mauzo pale anapoishi yeye, hata kama wewe uko Goma. Kiwango cha kawaida kule ni asilimia 21. Vitabu vya elektroniki ni 6. Na kwa muuzaji wa nje ya Umoja wa Ulaya hakuna kiwango cha chini, deni linaanza kwenye faili la kwanza. Ukijenga tovuti yako mwenyewe ukasema «mimi sikatwi na mtu», hiyo kazi yote inakuwa yako: kujiandikisha, kutangaza, kulipa. Gumroad, tangu tarehe 1 Januari 2025, ndiyo inayohesabiwa kuwa muuzaji mbele ya watu wa kodi, na inakusanya na kulipa yenyewe. Lemon Squeezy inafanya hivyo pia. Payhip inashughulikia kodi ya Ulaya na ya Uingereza kwa bidhaa za kidijitali. Kwa maoni yetu hapa, sehemu ya zile asilimia unalipia hiyo kazi, na si ghali, hasa kama wanunuzi wako wengi ni diaspora ya Brussels na Liège.

Sawa. Mnunuzi amelipa, tovuti imekata, kodi imelipwa. Feza inatokaje?

Hapa ndipo watu wetu wengi wanakwama. Stripe haifungui akaunti kwa biashara ya Kongo. Tovuti yoyote inayotegemea Stripe peke yake inaweza kukuonyesha «asilimia 0», na hiyo sifuri haikufikii kwa sababu mlango wenyewe umefungwa. Tusisahau pia kwamba Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya GAFI ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu utakatishaji wa feza. Kampuni za malipo zikisoma hilo zinakuwa na woga, zinauliza hati nyingi, na anwani ya Kivu ya Kaskazini haisaidii kuharakisha. Kwa hiyo ukifungua tovuti mpya, ukurasa wa kusoma kwanza si ule wa bei. Ni ule wa nchi wanazolipa na njia wanazotumia kulipa. Ukikosa Kongo mle, funga, nenda kwingine, usipoteze usiku mzima na kifurushi cha megabaiti kupakia mafaili.

Njia ambayo wengi wanaishia nayo ni ya kifamilia. Dada aliye Dayton au shemeji aliye Brussels anafungua akaunti kwa jina lake, feza inaingia kwake, yeye anaituma. Inafanya kazi, na inavunja familia pia. Akaunti iko kwa jina lake, kwa hiyo mbele ya watu wa kodi wa nchi yake yale mapato ni yake. PayPal ikiitilia shaka akaunti, mkataba wake unairuhusu kuzuia feza mpaka siku 180, na hapo dada atapigiwa simu kila jioni kwa feza ambazo hata yeye hazioni. Mkitumia njia hii, muandike tangu mwanzo: anabaki na ngapi kwa kodi na usumbufu, anatuma siku gani ya mwezi, anaonyesha karatasi gani. «Si tunaaminiana?» Ndiyo, na kuandika kunasaidia kuaminiana kuendelee. Na yeye asome masharti ya tovuti kuhusu nani anaruhusiwa kuuza kwa akaunti yake.

Halafu kutuma kwenyewe. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kumekuwa kunakula karibu asilimia 8 kwa wastani, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya 3 ifikapo 2030. Programu za simu kama Taptap Send na WorldRemit zinatuma moja kwa moja kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na mara nyingi ni nafuu kuliko kaunta. Lakini zikisema «bila ada», angalia kiwango cha kubadilisha euro kuwa dola, kwa sababu faida yao inaweza kujificha mle. Chukua zile dola 80 zilizobaki kwa Gumroad: asilimia 8 ni dola 6.40. Tofauti kati ya Gumroad na Payhip kwenye vitabu 20 ilikuwa karibu dola 6. Umeona? Miezi mitatu unabishana na wenzako juu ya tovuti, na njia ya kurudi nyumbani imekula kiasi kile kile kwa siku moja. Kutuma mara moja dola 80 kwa kawaida ni bora kuliko kutuma 20 mara nne, maana kila safari inaweza kuwa na ada yake.

Na safari bado haijaisha. Tangu mji ulipochukuliwa na AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025 na mabenki kufunga milango, noti zikawa adimu na simu ikawa benki ya watu. Kuko mawakala walioongeza asilimia yao wenyewe juu ya ada ya kampuni. Wao wanasema noti pia wanaitafuta kwa gharama, na si uongo wote. Wengine wanavuka Gisenyi kutoa feza huko, kisha wanarudi na noti ambayo mchuuzi wa Birere ataigeuza mara tatu akitafuta mpasuko.

Ndiyo maana ushauri wetu hapa ni rahisi: usitoe kila kitu. Ikiwa feza imeingia kwenye simu, lipa nayo kwenye simu. Kifurushi cha intaneti, deni la mtu, umeme, mchuuzi anayekubali M-Pesa, vyote hivyo vipite bila kugusa noti. Kila dola usiyoitoa kwa wakala ni asilimia ambayo hakuna tovuti itakupunguzia.

Bado mwalimu wa Ndosho. Yeye wanunuzi wake hawako Brussels, wako Majengo, Keshero, Bukavu, Butembo. Hawana kadi ya Visa, na faili lake ni la franga elfu moja au mbili. Kwake Gumroad na wenzake si suluhisho kabisa, zile senti 50 peke yake zingemeza sehemu kubwa ya bei. Yeye auze kwa WhatsApp: mnunuzi anatuma kwa simu, anatuma picha ya ujumbe wa malipo, faili linaenda. Aangalie salio lake mwenyewe kabla ya kutuma faili, kwa sababu picha ya ujumbe inatengenezwa kirahisi. Ada ya kutoa aihesabu ndani ya bei tangu mwanzo, ili asianze kuombana na kila mwanafunzi «ongeza na ya kutolea».

Hofu yake kubwa ni nyingine: mmoja ananunua, darasa zima linapewa. Payhip na Gumroad zinaweza kugonga muhuri wa mnunuzi kwenye PDF. Kwa mkono pia inawezekana, jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa, na watu wanaona haya kusambaza kitu chenye jina lao. Lakini kwa wanafunzi wa sita ni bora kuuza kwa darasa. Wanafunzi 30, kila mmoja anampa kiongozi wa darasa franga 1,000, kiongozi anatuma 30,000 kwa mara moja, na jina la shule ndilo linaandikwa kwenye kurasa. Malipo yamekuwa moja, ada imekuwa moja, na wale 29 ambao wangelipata faili bure wameshalipa.