Mvuke na Amana Yake

Barua imenifikia kutoka Tanga, ya mhudumu mmoja wa hospitali ambaye jina lake nalistiri, yenye suala ambalo mara ya kwanza nililipita kwa udogo wake, kisha likanirudia usiku. Anasema kwamba kwao wameacha kuchoma taka katika lile tanuri la matofali lililowafanya majirani wafunge madirisha kila jioni, na badala yake wameletewa otoklevu, yaani pipa la chuma lenye mlango wa kukazwa, ambamo taka hupikwa kwa mvuke. Na kwamba mifuko ikitolewa humo huwa imelowa chepechepe ijapokuwa iliingia mikavu. Je, mashine ni mbovu? Na yawezekanaje maji yakaua kile tulichozoea kukiua kwa moto?

Habari ya ndoo na rangi zake, ya njano kwa taka zenye maambukizo, nyekundu kwa zile za kuogopwa zaidi, nyeusi au buluu kwa makaratasi na maganda ya ndizi, sitaieleza, kwa kuwa imebandikwa katika kuta za wodi na wauguzi wanaijua kuliko mimi. Nitataja mizani tu. Taka za hospitali hazihesabiwi kwa mifuko, kwani mfuko wa pamba na mfuko wa chupa za dripu hulingana kimo na kuachana mno uzito. Hupimwa kwa kilo, kwa kila kitanda, kwa kila siku, wodi moja moja, kwa muda usiopungua juma zima, ili siku ya upasuaji na siku ya Jumapili ziingie pamoja katika hesabu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila kilo 100 za taka hizo, kama 85 ni taka za kawaida, mfano wa zile za nyumbani kwako na kwangu, na 15 tu ndizo za hatari; na kwamba katika nchi zenye kipato kidogo hizo za hatari ni wastani wa kilo 0.2 kwa kitanda kwa siku. Basi ikiwa hospitali ina vitanda 300, pipa la mvuke litapaswa kupika kilo 60 kila siku. Lakini bandeji moja yenye usaha ikitupwa katika ndoo ya maganda, ndoo nzima imeharibika, na waliosoma fikihi ya tohara hawatastaajabu, kwa kuwa wanajua tone la najisi hufanya nini katika maji machache. Hivyo hospitali isiyotenganisha hujikuta na kilo 400 za kupikwa mahali pa 60.

Ama mvuke wenyewe, hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mwoka mikate huingiza mkono katika tanuri lenye joto la nyuzi 200, akageuza mkate wake na kuutoa mkono salama. Lakini mkono uo huo ukipita juu ya mdomo wa birika linalotokota, ambamo joto ni nyuzi 100 tu, ngozi hubabuka. Kilo moja ya maji ya mtungi, yenye nyuzi 28, huhitaji kilojuli 300 hivi ili ifike kutokota. Hapo kipimajoto husimama. Chochea kuni upendavyo, hakipandi; na walakini maji hayo yatameza kilojuli 2,257 nyingine kabla hayajageuka yote kuwa mvuke, nazo ni zaidi ya mara saba ya zile za mwanzo, wala huzioni mahali.

Waalimu wetu huliita hilo joto fiche, na neno hili halinipendezi. Kilichofichwa huenda kimeibwa, huenda kimesahauliwa, na aliyekificha hadaiwi na mtu. Joto hili lina ahadi juu yake: limewekwa kwa mvuke, na siku mvuke utakaporejea kuwa maji sharti ulitoe lote, bila kupunguka hata chembe. Kitu cha namna hiyo kwa Kiswahili kina jina la tangu zamani, nalo ni amana. Nitaliita joto la amana, na wasanifu wa istilahi wanisamehe.

Mfikirie basi mvuke kuwa msafiri aliyekabidhiwa fedha na tajiri wa Unguja azifikishe Lamu. Njia nzima hagusi hata pesa moja, na mkaguzi wa bandarini, ambaye ni kipimajoto, akimtazama hamwoni kuwa na mali, kwani mkoba umefungwa kiunoni ndani ya kanzu. Afikapo katika nyumba aliyoagizwa, ambayo ni sindano baridi, hulipa zote mlangoni kwa mara moja. Na akiisha kulipa hujikunja akaketi chini kuwa tone la maji, akichukua nafasi ndogo mno, kwa mvuke wa birika kama sehemu 1 katika 1,600 ya ile aliyokuwa akiijaza. Pale alipokuwa amesimama pamebaki wazi, na uwazi ule humvuta msafiri wa pili na mkoba wake, naye wa tatu, wala hapana wa kuwasukuma. Hawakomi kuja mpaka nyumba imetosheka, na nyumba iliyo baridi zaidi ndiyo ilipwayo zaidi. Ama hewa ya moto ni mgeni wa maneno mengi asiye na kitu: hutoa senti mbili, kisha husimama palepale mlangoni akiwazuia wenzake.

Na lile tone halikai bure. Vijidudu vina protini, na protini hupikika upesi ikiwa na maji, kama ute wa yai ugandavyo chunguni, ilhali ute uliokaushwa hustahimili joto kubwa kabla haujaharibika. Ndiyo sababu vyombo vya tabibu hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, na kwa joto kavu huhitaji nyuzi 160 kwa saa mbili. Kufikia nyuzi 121 ni kazi ya shinikizo, hikima ambayo Denis Papin, Mfaransa, aliwaonyesha wanachuoni wa London mwaka 1679 kwa sufuria la kulainishia mifupa, na ambayo Charles Chamberland aliifanya chombo cha maabara miaka 200 baadaye.

Adui ni hewa, hasa ile iliyojificha katikati ya mfuko uliofungwa kwa ubahili. Kwa hiyo mashine nzuri huifyonza kwanza kwa pampu, ikaingiza mvuke, ikafyonza tena. Wajuzi huzika katikati ya mzigo kichupa chenye mbegu za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, mkaidi kuliko vijidudu karibu vyote vya wodini, kisha humtunza kwenye joto limpendezalo. Rangi ya zambarau ya kichupa ikigeuka njano, yu hai, na upishi haukutimia. Viungo vya mwili na dawa za saratani haviingii katika pipa hilo. Vina njia zake. Tanuri nalo liliachwa kwa sababu ya dioksini, sumu zizaliwazo plastiki zenye klorini zichomwapo vibaya, ambazo Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yanataka zipunguzwe. Na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekwisha kuunda mapipa ya mvuke ya kufaa hospitali zetu.

Basi, ndugu yangu wa Tanga, mashine yako si mbovu kwa sababu hiyo. Maji uyaonayo ni stakabadhi: kila tone ni msafiri aliyefika akalipa. Mfuko wa kuutilia shaka ni ule utakaoufungua, kabla mashine haijaukausha, ukaukuta umelowa nje, na moyo wake ni mkavu.