Sauti ya Bibi haikuwa kwenye kadi: mzazi, kagua ulipohifadhi sauti za wazee wako

Nyumbani kwetu Chiwata, wilayani Masasi, kuna sanduku la bati ambalo watoto hatukuruhusiwa kulifungua. Ndani yake Baba alihifadhi kadi ya sauti aliyoichomoa kwenye kompyuta yake ya zamani. Ni ndefu kama rula ya shuleni, na aliifunga kwenye kanga ya mama yake.

"Bibi yenu yumo humu," alikuwa akituambia.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Mwaka 2003 alipata kompyuta ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa na kadi aina ya Sound Blaster AWE32, iliyotengenezwa na kampuni ya Creative ya Singapore na kuingia sokoni mwaka 1994. Jioni akiwasha jenereta, alikaa hapo kupanga muziki wa kwaya.

Kadi ile ilikuwa na sauti za ala zake kutoka kiwandani, lakini pia iliacha nafasi ya mtu kuweka sauti anayoitaka mwenyewe. Baba akamrekodi Bibi akipiga vigelegele, akaviweka kwenye kitufe kimoja cha kinanda. Akikibonyeza, Bibi anasikika katikati ya wimbo. Sisi watoto tulikuwa tukigombania kubonyeza.

Mwaka 2005 Bibi alifariki. Baadaye kompyuta iliharibika, ikauzwa kama chuma chakavu. Baba akabaki na kadi.

Swali la mtoto

Mwaka jana binti yangu wa miaka minne aliniuliza, "Mama yake babu alikuwa na sauti gani?" Nikaichukua ile kadi hadi Masasi mjini, kwa fundi mwenye kompyuta ya zamani yenye tundu la kuichomeka. Baba alikuja naye, akaivaa kofia yake ya Ijumaa ya mahafali.

Fundi alitueleza kwa upole. Kadi ile ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kudumu, ya megabaiti 1, yenye sauti za piano, ngoma na filimbi zilizowekwa kiwandani. Hiyo haifutiki. Ya pili, ya kilobaiti 512, ni ya mtumiaji. Ukirekodi kwa ubora wa CD, nafasi hiyo inatosha kwa takriban sekunde 6 tu. Nayo ni kama ubao wa darasani: umeme ukikatika, kila kilichoandikwa kinafutika.

Hata kuisoma si kazi nyepesi. Kompyuta haiingii moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kadi. Lazima iombe kupitia milango michache midogo, data ikitoka kidogo kidogo, kama mtu anayehamisha gunia la korosho kwa bakuli kupitia dirishani. Fundi aliomba, akasubiri, akatuonyesha majibu. Zilikuwa namba zisizo na maana yoyote.

Bibi hakuwemo. Hakuwemo tangu siku ile jenereta lilipozimwa kwa mara ya mwisho.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Miaka yote ile alikuwa amelinda kitu kisicho na kitu. Nilianza kujuta kwa nini nilimleta.

Kisha fundi akamuuliza swali moja: "Mzee, kila jioni ukiwasha, ile sauti ulikuwa unaipakia kutoka wapi?"

Baba akashika kichwa. "Kwenye flopi!"

Flopi tatu

Tulizikuta flopi tatu ndani ya daftari la kwaya, katikati ya nyimbo za Pasaka. Flopi moja hubeba megabaiti 1.44 tu, lakini kwa sauti ya sekunde chache hiyo ni nafasi tele. Mbili hazikusomeka. Ya tatu ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, halafu faili likatokea. Lilikuwa faili la SoundFont, aina iliyotumika kupakia sauti kwenye kadi hizo, na hadi leo zipo programu za bure zinazolifungua bila kuhitaji kadi yenyewe.

Sekunde nne. Vigelegele vya Bibi, na nyuma yake jogoo mmoja wa jirani.

Binti yangu alisikiliza, akauliza, "Anafurahi nini?" Baba akaanza kumsimulia.

Ufanye nini leo

Mzazi, huenda huna kadi ya sauti, lakini una simu, na kosa la Baba ni rahisi kulirudia. Kabla ya kuuza simu au kumpa fundi aiflashi, kagua sauti na picha zako zimehifadhiwa wapi. Kuflashi kunaweza kufuta kila kilichomo kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu. Usidhani kwamba viko kwenye memori kadi. Fungua uangalie.

Weka nakala tatu: moja kwenye simu yako, moja kwenye memori kadi au flashi inayokaa nyumba nyingine, na moja kwa ndugu anayeishi mbali. Kila mwaka zifungue usikie kama bado zinasikika.

Na unapomrekodi mzee, kwa ridhaa yake, usiishie kwenye hadithi na nyimbo. Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya nimekaa na wazazi wengi ambao daktari amewauliza, "Kuna mtu kwenye ukoo mwenye kisukari, presha au selimundu?" wakabaki wanatazamana. Aliyejua alishazikwa. Muulize mzee wako wazazi wake waliugua nini, ndugu zake walifariki wakiwa na umri gani, na kama kuna watoto waliopotea wakiwa wadogo. Dakika kumi zinatosha. Rekodi hiyo haichukui nafasi ya vipimo, lakini inampa daktari mahali pa kuanzia.

Mimi sikuwahi kumuuliza Bibi hayo. Jumapili iliyofuata nilimuuliza Baba, simu ikiwa mezani inarekodi. Alizungumza dakika arobaini, na kabla hatujaamka nilikuwa nimeshamtumia dada yangu aliyeko Newala nakala yake.